Namna ya kusoma vipimo vya jarida la ukosefu wa usawa wa kiuchumi

Mtafiti wa ukosefu wa usawa hairidhii ripoti inayotaja wastani wa kipato cha nchi kisha ikaishia hapo. Atauliza mgawanyo ukoje, na wa juu kabisa wamebeba sehemu gani ya jumla. Lakini huyohuyo, akitafuta jarida la kupeleka makala yake, mara nyingi huangalia namba moja, impakti fakta, ambayo nayo ni wastani mtupu wa mara ambazo makala za jarida zimenukuliwa. Zana tunazotumia kila siku kwenye kipato zinatosha kabisa kuisoma namba hiyo vizuri, na inaniuma kuona hatuzitumii.

Tuanze na hesabu yenyewe. Wazo ni la Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza faharasa ya manukuu ya kisayansi. Leo namba hutolewa kila mwaka na kampuni ya Clarivate. Impakti fakta ya 2024 hupatikana hivi: unahesabu ni mara ngapi, ndani ya 2024, jarida lilinukuliwa kwa yale liliyochapisha 2022 na 2023, kisha unagawa kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio zilizotoka katika miaka hiyo miwili. Hapo pana ufa wa kwanza. Juu ya mstari huingia manukuu ya kila kitu, hata tahariri na barua za wasomaji. Chini ya mstari tahariri na barua hazihesabiwi. Jarida ambalo tahariri zake hunukuliwa sana hupandisha wastani bila kuongeza kigawanyo.

Ufa mkubwa zaidi ni mtawanyo. Chukua makala 10 za kubuni zilizonukuliwa mara 0, 0, 1, 1, 1, 2, 2, 3, 5 na 25. Jumla ni 40, kwa hiyo wastani ni 4. Makala 8 kati ya 10 ziko chini ya wastani huo, na thamani ya katikati ni 1.5. Kokotoa kipimo cha Gini (0 ni usawa kamili, karibu na 1 ni mmoja kubeba karibu vyote) kwa namba hizohizo: zipange kuanzia ndogo, zidishe kila moja kwa nafasi yake, jumla inakuwa 357, izidishe kwa 2, gawa kwa 400 (makala 10 mara manukuu 40), toa 1.1. Unapata 0.685. Mgawanyo wa kipato wenye Gini ya namna hiyo tungeuandikia makala nzima! Iondoe makala moja ya juu na wastani wa tisa zilizobaki unashuka hadi 1.67. Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 (idadi kubwa kabisa h ya makala zilizonukuliwa angalau mara h kila moja), kwa makala hizi 10 ni 3, na kingebaki 3 hata ile ya juu ingenukuliwa mara 250.

Majarida ya fani hii ni madogo, na udogo huongeza mtikisiko. The Journal of Economic Inequality, lililoanza 2003, hutoka mara nne kwa mwaka. Jarida lolote lenye makala 80 katika miaka miwili, likipata moja iliyonukuliwa mara 60 ndani ya mwaka mmoja, linaongezewa 0.75 kwenye impakti fakta na makala hiyo peke yake. Baadaye makala inatoka nje ya dirisha, yaani ile miaka miwili inayohesabiwa, na namba inaporomoka, ilhali wahariri ni walewale na uhakiki ni uleule. Ndiyo maana siamini mabadiliko ya mwaka mmoja. Fungua impakti fakta ya miaka mitano, na utazame mfululizo wa angalau miaka sita.

Dirisha la miaka miwili ni fupi mno kwa wachumi kwa sababu nyingine pia. Makala husambaa kama karatasi ya awali, kwa mfano kupitia mifululizo ya taasisi za utafiti kama NBER au LIS, muda mrefu kabla ya kuchapishwa, na wanaoinukuu huendelea kulitaja toleo hilo. Manukuu hayo hayalifikii jarida. Makala ikishatoka, weka matoleo yote mawili kwenye wasifu wako wa RePEc (hifadhidata ya machapisho ya uchumi) ili yaunganishwe, na mahali karatasi ya awali ilipohifadhiwa ongeza DOI (kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni) ya toleo la jarida.

Kuna vipimo vingine vya jarida pia. CiteScore ya hifadhidata ya Scopus hutumia miaka minne juu na chini ya mstari, kwa hiyo usiilinganishe na impakti fakta kana kwamba ni kitu kimoja. SJR hupima uzito wa kila nukuu kulingana na hadhi ya jarida linalonukuu. SNIP husawazisha tofauti za mazoea ya kunukuu kati ya fani. Mtu akikuambia jarida liko robo ya kwanza, yaani robo ya juu ya majarida ya kundi lake la fani, muulize ni kundi gani na mwaka gani, maana jarida moja laweza kuwa robo ya kwanza katika kundi moja na ya pili katika lingine.

Mawanda, yaani mada ambazo jarida hupokea, kwa maoni yangu yana uzito kuliko vipimo vyote hivi. Jarida la ukosefu wa usawa hupokea nadharia, upimaji na ushahidi wa takwimu: kipato, mishahara, matumizi, mali, afya na elimu, umaskini, na uhamaji kati ya kizazi na kizazi. Misimbo ya JEL (ya kuainisha mada za uchumi) unayokutana nayo zaidi ni D31 (mgawanyo wa kipato cha watu), D63 (haki na ukosefu wa usawa) na I32 (upimaji wa umaskini). Makala inayoweka Gini upande wa kulia wa mlinganyo kwa ajili tu ya kueleza ukuaji wa uchumi mara nyingi inafaa zaidi jarida la ukuaji au la maendeleo. Jipime kwa orodha yako ya marejeo: kama hakuna hata kazi moja kutoka jarida hilo au majirani zake, kama Review of Income and Wealth, huenda umebisha mlango usio wako. Usiyajaze marejeo kwa nguvu ili kuziba pengo hilo, kwani mhakiki huyaona mara moja.

Kinachoangusha makala zilizo ndani ya mawanda ni upimaji. Kuchanganya Gini za kipato na Gini za matumizi kwenye jedwali moja la nchi ni kosa zito, kwa kuwa matumizi kwa kawaida huonyesha pengo dogo kuliko kipato. Taja kizio ni kaya au mtu, taja mizani ya ulinganifu wa kaya, yaani namna ya kulinganisha kaya za ukubwa tofauti (wengi hugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanakaya), tumia uzito wa sampuli, na weka kosa sanifu kando ya kila kipimo. Kwa data za mali, eleza ulivyoshughulikia thamani hasi: zikiwamo, Gini yaweza kuvuka 1, na fahirisi ya Theil (kipimo kingine cha ukosefu wa usawa, kinachotumia logi) haikokotoleki kabisa.