Busta ya roketi itue nchi kavu au baharini?

Busta ni ile sehemu ya chini ya roketi, ndefu na yenye injini kubwa, inayoinyanyua roketi nzima kutoka ardhini. Zamani ikimaliza kazi iliachwa idondoke baharini, basi. Busta ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, hurudi wima na kutua kwa miguu minne. Ilifanya hivyo nchi kavu kwa mara ya kwanza Desemba 2015, na juu ya tishari, chombo bapa kinachoelea baharini, Aprili 2016.

Wengi hudhani bahari huchaguliwa kwa usalama tu. Usalama umo, ila jambo kubwa ni mafuta. Roketi haiendi juu moja kwa moja. Ikishapanda kidogo huanza kulala kuelekea baharini, maana setilaiti haibaki angani kwa kuwa juu sana bali kwa kwenda kasi sana kuizunguka dunia. Busta inapoachwa, dakika mbili na nusu hivi tangu kuruka, inakimbia maelfu ya kilomita kwa saa kuipa pwani mgongo. Ukitaka irudi Florida, jimbo la Marekani inakorukia, sharti igeuke, iwashe injini, iumalize mwendo wote ule, kisha ijisukume kurudi ilikotoka. Mafuta ya kazi hiyo hubebwa tangu chini, na mafuta yaliyowekwa akiba ya kurudia hayasukumi mzigo.

Tishari hupunguza gharama hiyo kwa kwenda kusubiri kule busta inakoelekea yenyewe, mara nyingi kilomita 600 hivi kutoka pwani. Ndiyo maana Falcon 9 zinazopeleka setilaiti za intaneti za Starlink, mzigo unaofika tani 17 hivi, kwa kawaida huishia baharini. Nchi kavu ni anasa ya mizigo myepesi.

Na ni anasa kweli. Busta iliyotua kilomita chache tu kutoka iliporukia hurudi karakana upesi; ya baharini huvutwa juu ya tishari na tagi, meli ndogo ya kuvuta, kwa siku kadhaa, ikipigwa na upepo na chumvi. Bahari ikichafuka, safari nzima inaweza kuahirishwa. Upande wa nchi kavu kero ni ule mshindo wa kupita kasi ya sauti, unaotikisa madirisha ya majirani, na hofu ya busta kuharibikiwa juu ya watu. Hapo wahandisi wana hila nzuri: busta huelekezwa majini kwanza, na huhamia uwanjani mwishoni tu, mambo yakiwa sawa. Desemba 2018 mapezi ya usukani ya busta moja yalikwama, nayo ikashukia majini karibu na ufuo bila kumdhuru mtu.

Aprili 2019 Falcon Heavy, roketi kubwa zaidi ya SpaceX hiyohiyo, yenye busta tatu, ilipeleka setilaiti ya Arabsat, shirika lenye makao Riyadh. Mbili za pembeni zilirudi Florida. Ya kati, iliyokwenda mbali na kasi zaidi, ilitua vizuri kwenye tishari karibu kilomita 1,000 kutoka pwani. Lakini roboti ya kuishikilia pale tisharini ilikuwa haijatengenezewa aina ile, na mawimbi yalikuwa makubwa mno kwa mabaharia kupanda kuifunga. Ikaanguka njiani. Zile za pembeni ziliruka tena Juni mwaka huohuo.