Developer Edition ya SQL Server: bure ni bure, lakini mpaka wapi?

Watu wanauliza sana, hivi hii Developer Edition ya SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza databesi, ni demo au programu kamili? Ni kamili. Kila kilichomo kwenye Enterprise, ile kubwa kabisa ya kulipia, na yenyewe inacho, na haina tarehe ya kuisha. Tofauti iko kwenye leseni: unaruhusiwa kutengenezea mfumo, kuutesti, kumwonyesha mteja, ila siku mfumo ukianza kupokea mauzo ya kweli au wagonjwa wa kweli, hapo ruhusa imeisha, lazima iwepo leseni nyingine.

Zamani ilikuwa inauzwa, kama dola 60 hivi, mpaka 2016 Microsoft wakaiachia bure. Na hesabu yao inaeleweka, divelopa akishazoea SQL Server atamjengea mteja kwa SQL Server, na mteja ndo analipa. Analipa haswa! Leseni kwa kawaida inahesabiwa kwa kori za prosesa (vile viini vinavyofanya kazi ndani yake), zinauzwa mbili mbili, na kila prosesa lazima ilipiwe kori zisizopungua 4 hata kama inazo 2 tu. Toleo la 2022, pakiti ya kori 2 za Enterprise bei yake ilikuwa dola 15,123, Standard, ile ya kulipia iliyo chini yake, dola 3,945, kwahiyo seva ndogo ya kori 4 ni zaidi ya dola 30,000 kwa Enterprise na karibu 7,900 kwa Standard.

Sasa balaa linapoanzia ni hapa: kwenye mashine yako unafanya kazi na uwezo wote wa Enterprise bila kujua, unaandika skripti ya kujenga upya indeksi (orodha inayosaidia databesi kutafuta data haraka) huku watu wanaendelea kutumia mfumo, ile ya ONLINE = ON, inapita vizuri tu, halafu mteja kanunua Standard na usiku ule ule skripti inagoma kwasababu hiyo ni ya Enterprise. Toleo la 2025 limeleta Standard Developer, yenye uwezo wa Standard tu, nayo bure, na mimi nasema kama bajeti ya mteja ni ya Standard basi anza nayo hiyo hiyo toka mwanzo.

Duka au kliniki ndogo wanatosheka na Express, ile ndogo ya SQL Server, hiyo ni bure hata ikiwa laivu. Mpaka toleo la 2022 kila databesi mwisho GB 10, la 2025 ni GB 50. Ila haina SQL Server Agent, ile inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba, kwahiyo bakapu za usiku zipange kwa Task Scheduler ya Windows kabla hujamkabidhi mteja mfumo.