JPEG ya Ubora wa 100 si Faili ya Kuhariria: Dhana Potofu Kuhusu Kubadili Picha za RAW

Kila msimu wa harusi na mahafali hapa Dodoma hunijia wapiga picha wenye flashi zilizojaa JPEG, yaani picha zilizokwisha kubanwa, wakitaka niwarekebishie anga na gauni la bibi harusi. Nikiuliza RAW, yaani faili ghafi za kamera, ziko wapi, jibu huwa lilelile: wamezibadili kuwa JPEG za ubora wa 100, kwa hiyo hakuna kilichopotea, na RAW zenyewe wamezifuta ili kupata nafasi.

Dhana hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote. Ni kweli kwamba ukiiweka RAW na JPEG yake kwenye skrini, jicho halitaona tofauti. Lakini faili ya kuhariri haipimwi kwa inavyoonekana kabla haijaguswa. Hupimwa kwa inavyostahimili baada ya kuvutwa huku na huko. Kamera nyingi za kisasa hurekodi RAW kwa biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu), ilhali JPEG tunazotumia zina biti 8, yaani ngazi 256 basi. Ile namba ya ubora inahusu kiasi cha kubana faili, wala haiongezi hata ngazi moja juu ya hizo 256.

Chukua picha ya maharusi waliosimama juu ya mawe jioni ya kiangazi, nyuma yao anga lisilo na hata wingu moja. Anga la namna hiyo hubadilika rangi polepole mno, na katika JPEG chaneli ya buluu huenda ikaanzia thamani ya 180 na kuishia 210, yaani ngazi 31 zilizotandazwa juu ya nusu nzima ya picha. Mteja anataka anga lililokolea zaidi, nawe unalivuta lianzie 150 na kuishia 240. Ngazi zinabaki zilezile 31, isipokuwa sasa kila moja imeachana na jirani yake kwa thamani tatu, na hapo ndipo mikanda inapojitokeza angani, wakati mwingine ikifuatana na vile viboksi vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo JPEG hutumia katika kubana picha. TIFF, aina ya faili isiyopoteza data, ikiwa ya biti 16 na imetoka moja kwa moja kwenye RAW, ina ngazi nyingi mno katika eneo hilohilo, kwa hiyo huvutika bila kukatika.

Wapo wanaojitetea kwamba huifungua JPEG na kuibadili iwe ya biti 16 kabla ya kuanza kazi. Hilo husaidia kidogo, kwa sababu hesabu za marekebisho yanayofuata hazitakadiriwa ovyo, lakini ngazi zilizokwisha kutupwa hazirudi. Ndoo ndogo ya maji ukiimimina kwenye pipa, maji hayaongezeki.

Kosa la upande wa pili ni kuamini kwamba TIFF ya biti 16 huokoa kila kitu. Gauni jeupe lililopigwa na jua la saa saba mchana, likiwa limeungua (limekuwa jeupe tupu bila alama za kitambaa) wakati wa kubadili RAW, litabaki limeungua hata ndani ya TIFF. Mwanga mkali na rangi ya mwanga virekebishwe kwenye programu ya RAW kwanza, huku ukiiangalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha), ndipo utoe faili. Hili nalisisitiza hata kwa wasioniuliza.

Kuhusu 300 dpi, yaani nukta kwa kila inchi ya karatasi, sitasema mengi. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ina pikseli milioni 24, uandike 300 au uandike 72. Namba hiyo humwambia mchapaji tu kwamba upande mrefu uwe inchi 20 au uwe inchi 83, na anayeigombania wakati wa kutoa faili ya kuhariri anapoteza muda wake.

Wengine huchagua ProPhoto RGB kwa kuwa ndio wigo mpana zaidi wa rangi. Ni mpana kweli, hata una rangi ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona, na ndiyo maana ukiuoanisha na biti 8 unazitawanya ngazi chache ulizonazo juu ya eneo kubwa mno. Utumie pamoja na biti 16 pekee, au baki na Adobe RGB, wigo mwembamba zaidi. Nakala ya mwisho ya WhatsApp au ya studio ya kusafisha picha itoke kwa sRGB, wigo wa kawaida wa simu na skrini nyingi, la sivyo utaletewa malalamiko kwamba rangi zimefubaa. Na kama marekebisho yote unayamaliza ndani ya programu ya RAW, hauhitaji TIFF kabisa. JPEG ya sRGB inatosha.

Linabaki suala la nafasi, ambalo silidharau. TIFF ya biti 16 ya pikseli milioni 24 huchukua takriban megabaiti 144 bila kubanwa, kwa hiyo toa zile chache za albamu tu, na RAW zote uzihifadhi. Ukitaka kuibana bila kupoteza data, usitumie njia ya LZW, kwani kwenye biti 16 mara nyingi huifanya faili iwe kubwa zaidi. Chagua njia ya ZIP, ingawa kuhifadhi kutachukua muda zaidi.