Silikanti hakufufuka, na jarife linammaliza

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyekuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo: silikanti, samaki wa bahari aliyedumu miaka milioni 400, jarife (wavu wa kutega wenye matundu makubwa) litamfanya nini? Hesabu hii imenichosha.

Kwanza habari kwamba samaki huyu alifufuka. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria. Lakini wavuvi wa Komoro walikuwa wakimnasa kwa mshipi, wakimwita gombessa. Kwao hakuwahi kufa.

Sasa hiyo milioni 400. Huo ni umri wa ukoo, si wa samaki! Na ukoo wenyewe haukukaa vilevile: walikuwemo wadogo, wakubwa, hata wa maji yasiyo na chumvi, na karibu wote wamekwisha. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, iliyosomwa mwaka 2013, inaonyesha jeni za protini zimebadilika polepole, lakini zimebadilika. Ukoo kudumu hakumpi samaki mmoja ngozi ya chuma.

Kilichomvusha, kwa maoni yangu, ni upole wa maisha: mchana pangoni, kwenye kina cha zaidi ya mita 100, usiku anaelea akitafuta windo bila haraka. Upole huohuo ndio unaomponza. Mwaka 2021 mistari ya magamba, inayoonyesha umri, ilihesabiwa upya: anaweza kufika karibu miaka 100, jike hukomaa akikaribia 60, mimba huchukua kama miaka 5. Waliopimwa walikuwa 27 tu, kwa hiyo tarakimu hizi nazishika kwa mkono mwepesi. Hata ukizipunguza nusu, jarife la usiku mmoja linachukua kilichokuzwa kwa miongo.

Hapa Tanga wamenaswa wengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari ikaja 2009. Taarifa za kunaswa zikipungua, wenzangu hufurahi. Mimi nasita. Majarife yamepungua, au samaki? Au mvuvi amemtupa baharini kimya, akiogopa kukamatwa? Takwimu zetu haziwezi kutenganisha haya matatu.

Kwa hiyo nikifika dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, siulizi kwanza kama wamemnasa. Nauliza nyavu zilitegwa kina gani.