Je, wajua spoila ya Vitz inagandamiza kilo ngapi?

Foleni ya Ubungo ilikuwa imesimama kabisa. Mbele yangu Vitz nyeupe, na mgongoni kwake spoila. Si kile kiukingo cha kiwandani juu ya kioo, la hasha. Hili lilikuwa bawa zima la alumini, lenye miguu miwili iliyokazwa kwa skrubu kwenye mlango wa buti. Mchuuzi wa maji akatua katoni yake juu ya bawa atafute chenji ya abiria wa daladala. Dereva wa Vitz akapiga honi kwa hasira. Nikacheka, nikatoa simu, nikapiga picha.

Chupa 12 za nusu lita ni kilo 6. Kwa mwendo wa mjini, upepo haujawahi kulitwisha bawa lile mzigo kama huo.

Bawa la gari ni bawa la ndege lililopinduliwa. La ndege hunyanyua, la gari hugandamiza, matairi yashike barabara bila gari kuongezwa uzito. Mmarekani Jim Hall alilisimamisha juu ya gari lake la mashindano, Chaparral 2E, mwaka 1966. Kufikia 1968 Formula 1 nao walikuwa wameiga, tena kwa pupa: mwaka 1969, kule Barcelona, mabawa ya Lotus mbili, ya Graham Hill na ya Jochen Rindt, yalivunjika mbio zikiendelea na magari yote mawili yakapata ajali. Wiki 2 baadaye, Monaco, mabawa yale marefu yakapigwa marufuku.

Siri iko kwenye kasi. Mwendo ukiongezeka mara 2, mgandamizo huongezeka mara 4. Chukua bawa lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20, tena lililoundwa vizuri. Kwa kilomita 200 kwa saa litagandamiza kilo 35 hivi. Sasa shuka hadi 50, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu: gawanya kwa 16. Unabaki na kilo 2 na ushei, yaani pakiti ya sembe. Na hiyo ni hesabu ya ukarimu, kwa sababu nyuma ya gari fupi kama Vitz upepo unafika kwenye bawa ukiwa umeshavurugwa na paa.

Halafu Vitz nyingi huvutwa na matairi ya mbele, wakati bawa linakandamiza ya nyuma. Magari ya mashindano ya aina hiyo nayo hufungwa bawa nyuma, ili mkia usiteleze kwenye kona, ila hayo yanakimbia kwelikweli.

Nisiionee spoila, lakini. Audi TT ilipoingia sokoni mwaka 1998 haikuwa nayo. Zikatokea ajali za mwendo mkali kwenye barabara kuu za Ujerumani, na kampuni ikayaita magari iyarekebishe. Miongoni mwa marekebisho: kiukingo kidogo juu ya buti, ambacho usipoambiwa hukioni.

Lile la Ubungo unaliona ukiwa mbali, na ndiyo kazi yake. Ni jezi namba 10 juu ya kitambi: hakuna anayetegemea goli. Gharama yake halisi ni yale matobo ya skrubu. Yasipozibwa vizuri, masika yakija maji hupenya na kutu huanzia hapo.

Tulikutana tena sheli. Jamaa akashuka, akanijia moja kwa moja.

"Kaka, si umenipiga picha kule kwenye foleni?"

Nikajua yamenikuta. Bahati nzuri nilikuwa nimeshazifuta namba za gari kwenye ile picha. Kulicheka bawa ni jambo moja, kumwanika mwenye gari ni jingine, na namba humpeleka mtu mpaka kwa mwenyewe. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akakunja uso.

"Sasa mbona spoila umeikata pembeni? Subiri."

Akalitoa gari kivulini, akaligeuza mgongo uelekee jua, akafuta vumbi juu ya bawa kwa kiganja.

"Haya, piga upya. Halafu unirushie."