Omena, zebaki na mafuta ya ubongo

Mchuuzi wa omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, hahitaji maabara kutambua mzigo mbovu. Anachota konzi moja, ananusa, anaonja kichwa kimoja, na bei inashuka papo hapo. Mvua ikinyesha siku mbili omena haijakauka, mafuta yake huchacha: rangi ya fedha hugeuka manjano na ladha huwa chungu. Aliyeyachachisha ni oksijeni ya hewani, basi.

Naanza na omena kwa sababu ubongo nao ni kiungo cha mafuta. Ukiukausha maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta, na sehemu yake ni yale laini yanayopatikana kwenye samaki. Tena ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Mafuta laini, oksijeni tele, joto la nyuzi 37 usiku na mchana: ajabu ni kwamba hatuchachi vichwani tukiwa bado shuleni. Kinachotuokoa ni walinzi waliomo ndani ya seli, hasa glutathioni na vimeng'enya vinavyotegemea madini ya seleni. Hao huzima radikali huru, yaani molekuli zenye njaa ya elektroni, kabla hazijayang'ata mafuta. Radikali zikiwazidi walinzi nguvu, hali hiyo ndiyo tunayoiita mkazo wa oksidesheni.

Sasa twende migodini Migori, Siaya, Kakamega na Vihiga. Mawe yanasagwa, unga unaoshwa kwenye karai, kisha zebaki inamiminwa na kukandwa kwa mikono mitupu hadi iikumbatie dhahabu. Donge jeupe linalopatikana huwekwa kwenye kijiko juu ya makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Moshi wa makaa unauona. Mvuke wa zebaki huuoni wala huunusi, na takriban asilimia 80 ya unaouvuta hubaki mwilini.

Mvuke huo hupenya hadi kwenye ubongo bila kubisha hodi. Ukishaingia, kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho kazi yake ya kila siku ni ulinzi, huugeuza kuwa zebaki yenye chaji ya umeme. Zebaki ya namna hiyo haiwezi kurudi ilikopitia kwa urahisi. Mlinzi mwenyewe amemfungia mwizi ndani! Kisha zebaki hutafuta salfa na seleni, inazozipenda kuliko kitu kingine. Nguvu ya glutathioni iko kwenye salfa yake, kwa hiyo inakamatwa. Vile vimeng'enya vya seleni navyo vinakwama. Mitokondria, majiko ya seli, huanza kuvujisha radikali huku wa kuzizima wamefungwa mikono. Mafuta ya utando wa seli yanachacha moja baada ya jingine, kila molekuli iliyoharibika ikiiharibu jirani yake, sawa na gunia la omena linavyoanza kuchacha pembeni hadi katikati.

Mtu mzima anayechoma dhahabu huwa namwomba achore konokono, mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati. Mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi alinichorea konokono mwenye meno kama msumeno, alama ya mkono unaotetemeka. "Daktari, kalamu yako mbovu," akatania. Mkewe hakucheka. Alisema siku hizi mzee halali, anasahau, na anagombana na watoto kwa jambo dogo. Majirani walishaamua kwamba ni chang'aa.

Wauzaji wa vidonge vya "kusafisha sumu" wananiudhi, niseme wazi. Vitamini haziing'oi zebaki iliyoshika salfa. Zipo dawa za hospitali zinazoisaidia kutoka kwa mkojo, ila hutolewa baada ya vipimo, na haziwezi kufufua seli iliyokwisha kufa. Cha kwanza ni kuacha kuvuta mvuke: kiwango mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa miezi 2 hivi, ingawa ubongoni hukawia zaidi. Kwa waliovuta mvuke, kipimo kinachofaa ni cha mkojo. Anayelazimika kuchoma atumie chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba la kuupoza mvuke na kuirudisha zebaki, tena nje, mbali na watoto na wajawazito. Jiko la kuchomea lisipikiwe ugali.

Mama mmoja aliniuliza kama basi omena yenyewe ni salama. Zebaki inayofika kwenye tope la mto hugeuzwa na bakteria kuwa aina nyingine, ile iliyowalemaza watu wa Minamata nchini Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956. Aina hiyo hujilimbikiza kadiri samaki mmoja anavyomla mwingine, kwa hiyo mbuta mkubwa mwenye umri hubeba zaidi. Omena hula vijidudu vya majini na haishi muda mrefu. Iko chini kabisa ya mnyororo huo. Nilimwambia aendelee kuinunua, ila ainuse kwanza.