hf si «haute fréquence»: armel na armhf ni nini kweli

Wiki jana nimesikia tena. Kijana moja wa kule Birere, fundi muzuri kabisa, anasude bodi ya simu kunipita mimi, amekuja na boksi ya Synology DS213 ya okazyo (ile ya kuwekea mafaili mu mtandao), anataka kutoa ile sisteme ya kiwandani aweke Debian (moja ya sisteme za Linux), na akaniambia bila hata kukohoa: «Mukubwa, mi naweka armhf, juu hf ni haute fréquence, na hii boksi iko na gigahezi mbili.» Nilimwangalia tu. Kabla yake kuko mwenye aliniambia armel ni «ARM électronique», na mwingine, huyu iko na diplome, alisema ni «ARM ya embedded Linux». Wote watatu ni watu wa akili na watu wanakuyaka kuwauliza, njo maana nimekaa chini kuandika.

Maana yenyewe ni fupi. ARM ni aina ya prosesa. armel na armhf ni majina mbili Debian ilipatia paki zake za ARM ya biti 32, na tofauti yao kubwa iko mu namna programu moja inapatia ingine namba za desimali. armhf inazipitisha mu rejista (vikasha vidogo vya ndani ya prosesa) za FPU, ni kusema kile kipande cha prosesa chenye kazi yake ni kuhesabu desimali, na armel inazipitisha mu rejista za kawaida. Njo yote. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Sasa el. Hii njo inaniuma zaidi, juu watu wanairuka wakienda mbio ku hf. el ni little endian yenye imegeuzwa, endian mbele, little nyuma, utaikuta pia ku mipsel na ku ppc64el. Na lile neno endian halikutoka mu elektroniki hata kidogo. Limetoka mu hadisi ya Jonathan Swift ya 1726, fasi watu wadogo wadogo wa Lilliput wanapigana vita juu ya yai, yai la kuchemsha unalipasua upande gani, ule munene ao ule mwembamba? Mu 1980 Danny Cohen, mutu wa mambo ya mitandao, akaandika maandishi ya kuomba amani, juu mafundi wa kompyuta nao walikuwa wanagombana vile vile: namba yenye inakula bayiti nne, mu memori unatanguliza bayiti gani, ile nzito ao ile nyepesi? Akachukua yai la Swift akalipatia kazi ingine, na mpaka leo tunalibeba.

Kama ingali ngumu, angalia vile tunaandika tarehe ya uhuru: 30/06/1960. Siku mbele, mwaka nyuma, ile ndogo inatangulia, ile ni little endian. Mwenye anaandika 1960-06-30 yeye iko big endian. Tarehe ni ile ile na hakuna mwenye anadanganya, ila mukiweka hao wawili ku daftari moja bila kuambiana, daftari imekufa.

Utaniuliza, kama armel na armhf zote mbili ni little endian, na kweli zote mbili ni little endian, juu ya nini el iko ku jina moja tu? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mu 2004 Linksys ilitoa kaboksi kanaitwa NSLU2, unachomeka disiki ya USB inaonekana mu mtandao, na watu wakakabatiza Slug, ule konokono wa bila nyumba, jina limetoka mu zile herufi lakini na mwendo wake pia ulikuwa wa konokono: prosesa ya Intel XScale ya megahezi 266 yenye walishusha mpaka 133, RAM megabayiti 32, flashi megabayiti 8. Ukiangalia leo unacheka, lakini watu waliendesha Debian juu yake, na iliendesha. Sasa, sisteme ya kiwandani ya Slug ilikuwa inatumikisha ile prosesa mu big endian, juu prosesa ya aina ile inakubali kupasua yai pande zote mbili. Kuko watu wakajenga Debian ya big endian wakaiita armeb, eb ni endian big, haikupataka kuingia mu Debian rasmi. Ile rasmi ilikuwa inaitwa arm tu, bila mukia, na ilikuwa little endian tangu zamani.

Halafu makubaliano yakabadilika, ni kusema zile kanuni za namna programu zinapatiana vitu. Ile arm ya zamani ilikuwa inahesabu desimali na amri za aina moja ya FPU yenye karibu hakuna prosesa ilikuwa nayo tena, kwa hiyo kila amri ya namna ile ilikuwa inaangukia mikono ya kerneli (moyo wa sisteme), kerneli inaacha kazi zake inakuya kuigiza ile FPU, inarudi, inakuya tena, pole pole ya kuchosha. Makubaliano mupya, yenye wanaitaka EABI, yakatoa ile mateso. Lakini programu ya zamani na ya mupya hazingeweza kukaa pamoja, ilihitajika jina la kuzitenganisha, na mu Debian 5.0 ya 2009 jina likakuwa armel. Umeona? Kitu chenye kilibadilika ni EABI, lakini herufi zenye waliongeza zinasema little endian, kitu chenye hakikubadilika hata kidogo. Ni sawa nyumba ipate mabati mupya halafu mwenyewe aandike ku mulango «nyumba yenye mulango». Kwa hiyo mwenye anatafuta maana ya ndani sana mu ile el atachoka bure. Na herufi e iko ya endian, si ya embedded, wala électronique.

hf yenyewe ni hard float, desimali mu FPU, ilikuya na Debian 7 mu 2013. Na hapa nitatumia mfano wa bato juu mi sina mwingine muzuri. Unatuma kolis kutoka Goma kwenda Bukavu. Kuko makubaliano ya kwanza: kila kitu, hata sahani za kuvunjika, kinashuka chini mu tumbo la bato pamoja na mifuko ya viazi. Makubaliano ya pili: vya kuvunjika vinapanda mu kabini, vingine vinashuka chini. Bato ni ile ile, kapiteni ni ule ule. Ila kama wewe uliweka sahani zako chini na ndugu yako wa Bukavu anaingia mu kabini, atabeba tu chenye atakuta kule, sanduku ya mutu mwingine kabisa, na atakwenda nayo nyumbani akijua ni yake. Programu nayo haiulizi. Mu armel namba za desimali zinashuka chini, mu r0 mpaka r3, pamoja na namba za kawaida, na mu armhf zinapanda mu rejista za FPU. Ukilazimisha kuchanganya hizi mbili, prosesa haitakuambia umekosea, utapata tu majibu ya uongo. Njo maana hawakufanya armhf ikuwe tu armel yenye imeongezewa mbio, walitenganisha kila paki kabisa.

Na angalia vizuri, hata wale wenye wanasemaka «armel ni ya prosesa zenye hazina FPU» hawajafika bado. Bato ya makubaliano ya kwanza inaweza kuwa na kabini, na mabaharia wanaweza kutumia kabini wakiwa mu safari, ila ku bandari vitu vinapokelewa chini tu. Programu ya armel inaweza kutumia FPU ndani yake kama inaikuta, ni vile tu ku mulango, wakati wa kupatia programu ingine, desimali lazima zipite mu rejista za kawaida. armhf yenyewe haiwezi kuishi bila FPU. Sentensi hizi mbili zinafanana lakini si moja.

Turudi ku gigahezi za kijana. DS213 iko na prosesa ya Marvell Kirkwood 88F6282, kweli gigahezi 2, na ile ni ARMv5, kizazi cha zamani cha ARM, haina FPU, ni armel. Halafu kuko dada yake, DS213j, jina karibu moja, okazyo za zote mbili zinazunguka, yenyewe iko na Marvell Armada 370, gigahezi 1.2 tu, lakini ni ARMv7 na FPU ndani, armhf inaingia bila shida. Ile ya mbio njo armel, ile ya pole njo armhf. Kama hf ingekuwa haute fréquence, Synology walibandika makaratasi kinyume. Na SheevaPlug ya 2009, ile kompyuta yenye unachomeka moja kwa moja ku ukuta sawa chaja kubwa, nayo iko na gigahezi 1.2 sawa DS213j, RAM megabayiti 512, lakini ni Kirkwood, kwa hiyo armel. (Mi mwenyewe niko nayo moja, inakaa ku bateri ya sola, umeme ikikatika mu kartie nzima yenyewe inaendelea kugawa masomo ya watoto, haikulaka kitu.)

Kijana hakunisikia mara ya kwanza, na hiyo ni sawa, fundi lazima ajionee. Alifungua sisteme ya armhf ku disiki, akaunganisha waya ya siriali, akawasha. U-Boot, ile programu ya kuwasha boksi, ikapita, kerneli ikaanza kuhesabu vitu vyake, yeye tayari anacheka, halafu ikasimama ku Attempted to kill init! na mwisho wa ule mustari exitcode=0x00000004. Ile 4 njo jibu lote. Ni ishara namba 4, amri haramu: programu ya kwanza kabisa ya sisteme ilitoa amri yenye prosesa haijawahi kusikia, ikafa, na kerneli bila ile programu haiwezi kuendelea. Yeye alifikiri disiki imeharibika, alikuwa anataka kubadilisha na kebo.

Kuko na namna ingine yenye inachanganya kupita hii. Uko ndani ya armel inatumika vizuri, unashusha programu moja tu ya armhf, unaiita, inakujibu No such file or directory. Unafanya ls, faili iko pale, unaiona na macho. Watu wameshinda usiku mbele ya ile. Chenye hakiko si programu yako, ni ile yenye inapaswa kuipakia: programu ya armhf inaita /lib/ld-linux-armhf.so.3, na armel iko na /lib/ld-linux.so.3 tu. Fanya file juu ya ile programu, utasoma jina la mupakiaji pale pale.

Na tafadhali, usiamue na amri uname -m. Ku Kirkwood inatoa armv5tel, ile l ya mwisho ni little, ni ya prosesa na kerneli, haisemi paki zako ni za makubaliano gani. Unaweza kuwa na armv7l yenye mutu aliweka armel juu yake miaka kumi iliyopita na inaendelea salama. Mwenye anajua ni dpkg --print-architecture. Raspberry Pi ya kwanza sitaki hata kuianza, ile ni ARMv6 yenye iko na FPU, watu wa Raspbian, Debian yenye ilitengenezwa juu ya Raspberry Pi, wakajenga armhf yao wenyewe kwa ajili yake, jina ni moja na ya Debian lakini ile ya Debian inadai ARMv7, kwa hiyo jina moja na sakafu mbili.

Kijana nilimwelewa, tena mi najua kosa lilitoka wapi. Huku Kivu tumekulia na foni, zile radio za maparokia na za mashirika zenye zilikuwa zinaita mpaka kule ndani kabisa, na ku kila moja iliandikwa HF, na pale kweli ilikuwa haute fréquence. Amekuya tena juzi. Nimemwambia, mudogo wangu, ile boksi yako ni nzuri, haina ugonjwa, shusha armel ya Debian 12, juu Debian 13 ya 2025 njo ya mwisho yenye inabeba armel na kerneli ya Kirkwood haiko tena ndani. Akauliza kama basi armel ni ARM ya little. Nikamwambia karibu, karibu kabisa, ila na ingine nayo ni little.